Kioo kwa Anayesoma kwa Vidole

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye bidii. Nalisema mwenyewe mapema, kwa sababu dada yangu akisimulia yeye huongeza chumvi, na mjinga wa kwenye hadithi yake hata kufunga kamba za viatu hajui.

Nyumbani kwetu asubuhi huanza na moshi wa mkaa. Mama hupiga pasi nguo za watu. Kazi yangu ni kuwasha mkaa, kuutia kwenye pasi, na kupuliza majivu yasije yakaangukia shati jeupe la mtu. Dada hukaa kando ya meza akikunja nguo zilizokwisha kunyooshwa. Haoni tangu alipougua akiwa mdogo, lakini shati alilolikunja yeye utalijua tu: kola imesimama, mikono imelala. Langu mimi hutoka kama tambara la kudekia.

Likizo ile, Dada akiwa amerudi kutoka shule ya bweni, Mama alikuwa akipiga pasi huku akimsomea Dada kitabu cha sayansi, na simu iko pembeni inarekodi. Ndiyo maana masomo yote ya Dada yana mlio wa maji yakinyunyizwa kwenye nguo. Unasikia habari za moyo na mishipa ya damu, halafu shhh, pasi imepita. Baada ya kusoma, Mama humwuliza maswali, na majibu nayo yanarekodiwa, yawe sahihi, yawe vioja.

Dada alikuwa anarudia mtihani. Ule wa kwanza alianguka, si kwa uvivu, bali kwa kukosa kitu cha kujisomea bwenini. Safari hii alikuwa na masomo yote ya Mama, ila hakuwa na cha kuyasikilizia. Simu ni ya Mama, wateja humpigia hiyo hiyo. Tena mwalimu wa bweni alikuwa ametoa amri: simu marufuku, na kifaa chochote chenye bluetuthi au waifai hakivuki geti, maana kuna wajanja waliokuwa wakirushiana majibu ya mtihani. Kilichoruhusiwa ni kicheza muziki cha kawaida tu. Unatia memori kadi, unabonyeza, kinasema. Hakiongei na kifaa kingine.

"Nenda na dada yako dukani," Mama aliniambia. "Mimi nina mzigo wa sare hapa hadi jioni. Na anayechagua ni yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Masikio yalisikia. Yaliyo katikati ya masikio ndiyo hayakuwepo.

Mwenye duka la vifaa vya umeme mtaani kwetu tunamwita Bwana Ofa. Kwake kila kitu ni ofa, hata salamu. Tulipoingia alikuwa anapanga chaja kwenye misumari ukutani. Akageuka, akamtazama Dada na fimbo yake nyeupe, kisha akanikazia macho mimi.

"Anataka nini huyu?"

"Shikamoo," Dada akasema. "Nataka kicheza muziki kidogo. Chenye vitufe vya kubonyea, tundu la hedifoni, na nafasi ya memori kadi. Kisiwe na bluetuthi wala waifai."

"Marahaba. Anataka cha bei gani?" Bwana Ofa akaniuliza mimi.

Mngeona! Mtu amejieleza kinaganaga, na swali linarukia kwa mdogo wake, kama mpira uliopigwa golini ukaokotwa na mwuza karanga. Mimi, badala ya kukasirika, nilivimba kichwa. Nilisimama kwa vidole nikakohoa kama mzee wa kikao.

Bwana Ofa akatoa kicheza kimoja cheusi, kidogo kama kiberiti. Dada akakipokea, akakipapasa pande zote. Kidole gumba kikapata kitufe cha katikati, kikapata cha mbele, cha nyuma, kikateremka kwenye sauti. Akatia mwenyewe memori kadi yenye masomo ya Mama. Akasikiliza kidogo, akatabasamu.

"Hiki hiki," akasema. Akalipa, akanipa fimbo nimshikie, akairudisha pesa iliyobaki kwenye pochi, akaichukua fimbo yake. Spika za mle dukani zilikuwa zinapiga kelele za kuumiza kichwa, kwa hiyo akaongeza, "Nakusubiri nje, bwana mkubwa. Akikifunga kwenye boksi, ukilete."

Alipotoka tu, Bwana Ofa akaniinamia.

"Kijana, wewe una macho. Kweli unamwacha dada yako aende na kitu cha kizamani hivi?" Akatoa kingine chini ya kaunta. Ewe! Kilikuwa chembamba, kinang'aa, mbele kioo kitupu kuanzia juu hadi chini. Akakigusa, rangi zikatiririka. "Kioo cha kugusa. Bluetuthi. Picha, saa, michezo. Bei ile ile, ofa ya leo tu. Mfanyie mshtuko mzuri. Hatajua mpaka afungue."

Nikakumbuka amri ya bweni. Nikamwambia.

"Bluetuthi si unaizima tu!" akacheka. "Nani atajua?"

Nami nikajiambia, maskini Dada, haoni, hawezi kujua kizuri ni kipi. Mimi ndiye ninayeona. Acha nimchagulie. Nikabeba boksi lenye kile kioo nikatoka nikiwa nimejaa fahari. Wenye akili zao husema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nilimfungua mbuzi, nikamtazama meno, nikamkubali, nikamtia kwenye gunia la dada yangu.

Nyumbani Dada alifungua boksi kwenye meza ya kupigia pasi. Vidole vikapita juu ya kioo. Vikarudi. Vikageuza nyuma, vikageuza mbele.

"Vitufe viko wapi?"

"Nimekubadilishia!" nikasema kwa furaha. "Hiki cha kisasa. Lete nikuwekee."

Akakisukuma upande wangu. Nikadhani amezidiwa na shukrani. Nikatia kadi, nikaanza kugusa huku na huku. Kile kifaa kilikuwa kinauliza maswali mengi kuliko karani wa hospitali. Unganisha? Ndiyo. Ruhusu? Ndiyo. Endelea? Ndiyo. Mimi kila kilipouliza nilikubali, ili nionekane fundi. Mwishoni nikagusa somo mojawapo. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza hadi mwisho.

Hapo ndipo sauti ya Mama ilipotokea dukani kwa kinyozi, upande wa pili wa ukuta, kwenye lile lispika lake linalotikisa mabati.

"INI LIKO WAPI?" Mama wa kwenye spika akauliza.

"Mgongoni, karibu na figo," akajibu Dada wa kwenye spika.

"HAPANA, MWANANGU. UKIJIBU HIVYO UTAANGUKA TENA KAMA MWAKA JANA."

Kwa kinyozi pakalipuka kicheko. "Jamani, daktari wetu huyo!" mtu akapaza sauti. Mwingine akasema, "Kumbe alianguka? Si mama yake alituambia alifaulu?" Mimi nikawa nagusa kioo kama anayeua mbu, nacho kila nikikigusa kinaruka kwenye swali jingine, na kila swali lina jibu lake la aibu. Kinyozi mwenyewe, Mungu ambariki, ndiye aliyechomoa waya wa spika akapiga kelele, "Funga huko, watoto! Mmeniingilia spika yangu!"

Dada alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa hayafuti.

"Sikulia kwa kuanguka mtihani," akasema taratibu. "Nilipoanguka, tulijua mimi na Mama na wewe tu. Sasa mtaa mzima unajua. Na bado kesho kutwa narudi shule, na hiki kitu hakivuki geti. Hata kikivuka, nitakibonyeza wapi? Nilichagua. Nilikishika. Nililipa. Nani amekutuma?"

Nilitamani anipige, ningepata cha kulilia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, pasi mkononi. Alikuwa amesikia yote, ya ukutani na ya mezani. Akaiweka pasi kwenye kigae chake, akajifunga kanga vizuri. Mama akifunga kanga namna ile hata mbwa wa jirani hupisha njia.

"Beba boksi," akaniambia. "Dada yako atatangulia. Wewe utakuja nyuma."

Dukani kulikuwa na wateja kadhaa. Bwana Ofa alipotuona alijua, maana tabasamu lake lilikuja nusu.

"Mama karibu! Ofa leo—"

"Binti yangu amekuja kuchukua mali yake," Mama akasema.

"Ah, kile nilichompa kijana? Bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, mama. Andiko lile pale ukutani."

"Bidhaa niliyonunua haijafunguliwa," Dada akasema. "Iko humu dukani. Niliilipia, ukaibakiza."

Bwana Ofa akamgeukia Mama. "Mwambie nilimsaidia. Kile kilikuwa cha hali ya chini sana. Hiki ni rahisi kutumia, ni kujifunza tu, hata mtoto anaweza."

"Kama ni rahisi," Dada akasema, akakisukuma kile kioo juu ya kaunta hadi kikamgusa tumbo, "fumba macho, unipigie somo la pili."

Wateja wakasogea. Mmoja, mama mwenye mfuko wa balbu, akasema, "Haya, Bwana Ofa. Hata mtoto anaweza."

Angekataa vipi mbele za watu? Akafumba macho. Akagusa. Saa ikatokea. Akagusa tena, mchezo wa magari ukaanza kunguruma. Akatelezesha kidole, akapapasa, akagusa tena, maandishi yote yakageuka lugha ambayo hakuna hata mmoja mle ndani aliyeijua. Akafumbua jicho moja.

"Fumba!" watu wote wakapaza sauti.

Mama mwenye balbu alicheka mpaka akauweka mfuko chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalijua joto la masikio ya Bwana Ofa, maana yangu yalikuwa bado yanawaka.

Ndipo ukweli ukaanza kumtoka vipande vipande. Vile vya vioo vilikuwa vimemdodea. Alikuwa anatafuta wa kumwondolea. Na aliponiona mimi nimesimama kwa vidole kama jogoo, akajua amempata.

"Kwa hiyo binti yangu ndiye uliyemwona dampo," Mama akasema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Alisimama hapa akasema kwa kinywa chake anachotaka. Wewe ukakiona kinywa cha mdogo wake. Mtu mzima hivi!"

Kisha akanigeukia mimi, pale pale, mbele ya wote.

"Na wewe. Usiniambie ulimhurumia. Huruma isiyouliza ni kiburi kilichooga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dada yako hakukosa akili ya kuchagua, amekosa macho tu, na macho uliyokuwa nayo wewe hayakusaidia kitu. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize anataka nini, halafu ushike hilo hilo alilosema. Sasa mwombe radhi. Yeye, si mimi."

"Dada, nisamehe," nikasema. "Nilikuamulia lisilo langu."

"Nimesikia," Dada akasema. "Kusamehe nitakujulisha." Lakini mkono wake ulitafuta bega langu, ukalifinya, tena kwa nguvu ya kuumiza kidogo.

Bwana Ofa akavuta droo. Akakitoa kile kicheza cheusi na kukiweka kaunta, mbele ya Mama. Mama hakukigusa. Akasubiri. Duka zima likasubiri. Bwana Ofa akakiinua, akakiweka kwenye kiganja cha Dada. Dada akatia kadi, kidole gumba kikapanda, kikabonyeza mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Somo la pili.

Lakini wako watu wakishindwa hawawezi kunyamaza. Tulipofika mlangoni Bwana Ofa akaropoka nyuma yetu:

"Haya, chukueni. Ila mimi sikumdhulumu mtu! Nilimwuliza kaka mtu, naye akakubali!"

Dada akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aligeuka akamwelekea sawasawa.

"Sawa," akasema. "Na mtihani wangu nao utamwuliza kaka?"