Bati la Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Lorna, kule Maine, na mpaka leo hapendi kuulizwa. Alikuwa akiiandaa nyumba yake ya trela, iliyoinuliwa juu ya matofali, kwa majira ya baridi. Alitambaa uvunguni akayavika mabomba ya maji sponji yasigande, kisha akauziba uvungu kwa kuuzungushia mabati. Likabaki moja tu halijafungwa, maana skrubu zilimwishia.

Akaenda kuazima kwa jirani, mzee Thibodeau.

"Chungulia kwanza, binti yangu, usije ukamfungia paka humo," mzee akamtania.

Aliporudi giza lilishaingia. Theluji ilikuwa imefunika hata nyayo zake mwenyewe, na hapakuwa na nyingine. Uvunguni chuma kilikuwa kikizungushwa polepole, kri, kri, halafu kimya. Akamulika. Bati la mwisho lilikuwa limeshafungwa, na ncha za skrubu zimetokeza nje, vichwa vikiwa ndani.