Pumzi ya Mpiga Tarumbeta

Haya nilisimuliwa na mjukuu wa dada yangu, askari, alipokuja likizo msimu wa mvua uliopita. Alikaa jikoni kwangu akimenya viazi, upesi kuliko mimi. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akaniambia.

Kambini walimwita Jogoo. Kazi yake ilikuwa kupiga tarumbeta. Alfajiri aliamsha kikosi kizima, na usiku alikilaza. Kwa hiyo aliamka kabla ya wote na kulala baada ya wote.

"Jogoo, siku moja tutakuchinja tupate usingizi," wenzake walimtania, wakajifunika tena. Yeye alitoka nje peke yake, tarumbeta kwapani.

Aliyekuwa macho saa ile ni mpishi tu. Alitoka jikoni na sigara mbili, akakaa kwenye magogo nyuma ya stoo.

"Shika, mdogo wangu. Baridi hii utaifukuza na nini?"

Jogoo hakuwa mvutaji. Lakini aliogopa kwamba akikataa, mpishi atarudi ndani na kumwacha na giza lake. Akaipokea. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mpishi akacheka, akampigapiga mgongoni. Tangu afike kambini, hakuna aliyekuwa amemgusa kwa wema. Kesho yake akavuta tena. Hata hakumbuki lini alianza kununua zake.

Wimbo wa kulala una sauti moja ndefu mwishoni. Mwaka ulipopita, sauti ile ikaanza kumkatikia njiani.

"Jogoo kapaliwa," watu walicheka vitandani.

Sajenti wa bendi hakucheka. "Kijana, tarumbeta haina kosa. Nimeipiga mwenyewe. Mvua zikiisha tuna gwaride kubwa. Ukikatika siku ile, nampa mwingine, na wewe utakwenda kulinda ghala."

"Ndiyo, afande."

Pale kambini hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Mama yake aliwahi kuisikia tarumbeta ile kwenye simu, akalia kwa furaha.

Jirani yake wa kitanda akamshauri: "Acha moshi, weka ugoro chini ya mdomo. Nani atajua?"

Jogoo akaenda kwanza zahanati ya kambi. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye sare na maneno machache.

"Ugoro ni tumbaku ileile," alisema. "Utaharibu fizi na midomo, na midomo ndiyo kazi yako. Leta hicho kifua."

Akamsikiliza. "Pumua. Tena. Mwanangu, moshi unavimbisha njia za hewa na kuleta makohozi. Ndiyo maana pumzi inakwisha kabla ya wimbo. Ukiacha, kifua kitaanza kujisafisha."

"Nimejaribu, afande. Hamu ikija nakuwa kama kichaa."

"Hiyo ni nikotini, iliyomo ndani ya tumbaku. Mwili umeizoea, sasa unaidai. Lakini hamu haikai. Inakuja, dakika chache, inaondoka. Ikija, kunywa maji polepole. Tembea. Ipe mikono kazi. Na uwaambie wenzako umeacha. Siku za mwanzo utakuwa na hasira, na usingizi utakuruka. Hayo hupita. Yakizidi njoo, zipo dawa za kukusaidia."

Jogoo akatupa sigara zake chooni. Hamu ilipokuja alikunywa maji, akazunguka uwanja. Kwenye magogo hakwenda. Kwa mbali aliona kinukta chekundu cha sigara ya mpishi. Mpishi hakumwita, na Jogoo hakumweleza kwa nini haji. Alfajiri zikawa ndefu. Siku moja, manyunyu yakianguka, miguu ikampeleka yenyewe. Mpishi hakuwepo. Alikuwa ameacha kipande cha sigara juu ya gogo. Jogoo akakivuta.

Akarudi zahanati kichwa chini. "Nimevuta, afande."

"Basi usivute tena. Hamu ilikukuta wapi?"

"Kwenye magogo. Peke yangu."

"Ulitaka sigara, au ulitaka mtu?"

Jogoo akamweleza habari za mpishi na zile alfajiri.

"Mpishi anajua umeacha?"

"Hajui."

"Basi anafikiri umemsusa. Kamwambie."

Alfajiri iliyofuata alisimama mlangoni mwa jiko. "Kaka, siji kwenye magogo kwa sababu nimeacha sigara. Sijakususa wewe."

Mpishi akamtazama. "Nami nikasema, Jogoo amepanda cheo, hanijui tena." Akairudisha sigara mfukoni. "Mimi kuacha siwezi kukuahidi leo. Lakini mbele yako sivuti. Mikono yako inataka kazi, si ndiyo? Gunia la viazi lile pale."

Tangu hapo alimenya viazi kila alipomaliza kuwaamsha watu. Mpishi akiwa zamu nyingine, alimenya peke yake, kimya, kikombe cha maji pembeni. Hamu iliendelea kuja, lakini kwa nadra, kama mgeni asiyekaribishwa.

Siku ya gwaride sauti haikukatika. Sajenti alisema neno moja tu: "Endelea."

Usiku ule Jogoo alisimama peke yake chini ya mlingoti wa bendera, akapiga wimbo wa kulala. Sauti ya mwisho ilipita juu ya mabweni, juu ya stoo, ikaisha yenyewe kwa wakati wake. Hakuna aliyecheka. Taa zikazimwa moja moja. Ya jikoni ilikuwa ya mwisho. Mpishi alisimama mlangoni na kikombe mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akaizima.

Jogoo akafuta tarumbeta, akailaza chini ya kitanda. Kambi nzima ilikuwa imelala. Akavuta pumzi moja ndefu. Hakukohoa. Akalala.