Manjano ya Malori

Kazi yake ilikuwa kupaka malori rangi. Gerejini walimwita Brashi. Ukimwonyesha gari lililokwaruzwa, aliitaja rangi yake papo hapo, kama mama anavyomtambua mwanawe kwa kilio.

Nyumbani alikuwa na mkewe na binti mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kusema. Binti alikuwa anaota meno. Alichokishika, alikitafuna. Baba yake akamwita Panya.

"Kitanda cha mtoto kimechakaa," mkewe alisema siku moja. "Kanunue rangi, mume wangu."

"Ninunue? Samaki anunue maji?" Brashi akacheka. "Gerejini kuna kopo la zamani, manjano ya malori. Rangi ile haibanduki hata kwa shoka."

Akalileta. Akakisugua kitanda kwa msasa mkavu mle mle chumbani. Vumbi likatanda. Akakipaka rangi, kisha akafunga mlango na dirisha, kama wafanyavyo gerejini ili vumbi lisinase kwenye rangi mbichi.

"Harufu hii itatuua," mkewe alisema akikohoa.

"Ni thina tu, ya kuyeyushia rangi. Harufu ikiisha, hatari imekwisha. Mimi na rangi tumezaliwa tumbo moja."

Kitanda kikang'aa. Kila asubuhi Panya alisimama ndani yake, akiguguna ubao wa juu. Wazazi walicheka mpaka machozi.

"Mwone! Atakimaliza!"

Baadaye Brashi alitamani kukimeza kicheko kile.

Miezi ikapita. Panya akaanza kukataa chakula. Tumbo likawa linamuuma. Akawa mkali, analia ovyo. Yale maneno yake machache nayo yakapungua, moja baada ya jingine.

"Wiki nzima hajaniita," mama alisema. "Twende kliniki."

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye maswali mengi.

"Huyu mjukuu wangu anatafuna nini?"

"Kila kitu, mama. Hata kitanda," alisema Brashi.

"Kimepakwa rangi gani?"

Brashi alijibu kwa majivuno. Muuguzi hakutabasamu. Akaagiza damu ipimwe.

Majibu yalipotoka, aliwaketisha.

"Damu yake ina madini ya risasi. Ni sumu. Rangi nyingi za zamani, na baadhi ya zile za magari, zinayo. Mtoto akila magamba yake au akilamba vumbi lake, inamwingia mwilini na kudhuru ubongo."

"Lakini ilishakauka! Haina hata harufu!"

"Harufu ni ya thina, mwanangu. Nayo ina madhara, ndiyo maana tunafungua madirisha. Risasi hainuki. Thina ikishapaa, yenyewe inabaki."

Brashi akasimama. "Leo nakichoma moto kitanda kile!"

"Usithubutu! Moshi wake ni sumu pia. Kifunge kwenye nailoni, uwaulize watu wa taka pa kukipeleka. Na usimpe jirani. Sakafu msifagie kavu. Futeni kwa kitambaa kibichi. Mtoto anawe mikono kabla ya kula. Rangi ya nyumbani iwe imeandikwa kwenye kopo kwamba haina risasi. Na wewe, nguo za kazi zisifike nyumbani."

"Atapona?" mama akauliza.

Muuguzi alimgusa Panya kichwani. "Tumbo litatulia. Damu itasafika polepole, tutamfuatilia. Lakini ubongo... siwezi kuwaahidi."

Njiani Brashi alimbeba Panya. Mkewe hakumlaumu. Laiti angemlaumu.

"Ulisema harufu itatuua," Brashi alisema mwishowe.

"Nilisema harufu. Hata mimi sikujua."

Kitanda kipya alikipaka nje, kwa rangi ya maji iliyoandikwa haina risasi. Akakiacha kikauke vizuri kabla mtoto hajakilalia. Kila walipopima damu, sumu ilikuwa imeshuka. Panya anakula sasa, na tumbo halimsumbui. Ila wenzake wanapopiga soga, yeye bado anayatafuta maneno kama mtu apapasaye gizani.

Jioni Brashi anarudi na nguo safi. Panya anamkimbilia.

"Subiri, mama," Brashi anamwambia. "Baba anaoga kwanza."

Panya anangoja nje ya mlango wa bafu, anagonga kwa kiganja.

"To... to..."

Brashi anafunga maji ili amsikie. Povu linamwingia machoni. Hamsaidii, hamharakishi. Anangoja.

"To... toka!"

"Natoka, mwanangu," anajibu. Lakini kwanza anafungua maji tena, aoshe macho.