Gari la Zéphirin Halina Sauti

Honorine alikuwa anatoka soko kuu la Kolwezi na marobota mawili ya vitenge, gauni lake la njano limeshika vumbi jekundu hadi magotini, ndipo kitu kilipomgusa nyonga. Aligeuka. Gari dogo jeupe lilikuwa limesimama nyuma yake, na hakuwa amesikia hata mngurumo.

“Tata, hii gari yako ni muchawi?”

Dereva alishuka mbio kuomba msamaha. Jina lake Zéphirin, karani wa kampuni moja ya malori njia ya Mashamba, shati limenyooshwa vizuri. Alimweleza kwamba gari lile linatumia petroli na umeme. Likienda polepole, moteri ya petroli huzimika na umeme wa batri peke yake ndio unaolisukuma. Honorine akamwambia kwamba mwenye gari la namna hiyo ajifunze kupiga honi. Zéphirin alikubali, akapakia marobota, akampeleka hadi penye cherehani yake. Kabla ya kushuka, Honorine alikuwa ameshampa namba ya simu.

Basi simu zikaanza, kila adhuhuri, za utani na za kubembelezana. Jioni Zéphirin alimrudisha nyumbani Kasulo, alikoishi na mama yake, Mama Abigaël. Huko watu walikuwa wamechimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na katika shimo la namna hiyo ndimo alimofia Gracien, kaka yake Honorine, wakati dada huyo akijifunza ushonaji Lubumbashi.

Kila walipofika kona ya mtaa wao, Zéphirin alibonyeza kifungo kidogo, moteri ikanyamaza, gari likateleza kwa umeme hadi mlangoni. Siku nyingine, batri ikiwa chini, alizunguka kwanza kwenye lami mpaka ijae. Honorine alipenda ule utulivu, wanasikia hadi pumzi zao.

Lakini Simone, mshonaji mwenzake wa mtaa ule ule, alimuuliza siku moja kwa nini huyo bwana anamleta kama mtu anayeiba. Mtaa mzima haumjui. Pengine kuna mke mahali fulani asiyetakiwa kusikia.

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jioni ile, walipofika konani, alifunika kile kifungo kwa kiganja.

“Acha moteri iwake. Batu basikie kama Honorine ameletwa na bwana yake.”

“Hapa siwezi, mupenzi.”

“Juu ya nini?”

Zéphirin alishika usukani kwa mikono miwili. “Kuna mutu nilimupa neno yangu. Siwezi kusema.”

“Huyo mutu ni bibi yako?”

“Sina bibi.”

“Mi siko mwanamuke wa kufichwa. Usirudi tena.”

Alishuka, akatembea bila kugeuka. Zéphirin alipopiga simu, alipokea ili tu kumwambia aache. Zéphirin akajibu kwamba kuja ataacha, kupiga hataacha. Na kweli, kila adhuhuri simu iliita juu ya meza ya cherehani, na Honorine akashona bila kuitazama.

Mama Abigaël ndiye aliyeuliza, akichagua maharagwe, kwa nini gari jeupe haliji tena. Honorine alimweleza yote. Mama aliweka ungo chini, akamsimulia.

Siku moja mwanzoni, Zéphirin aliwahi kufika kabla ya Honorine, akasimama mlangoni, batri iko chini na moteri inawaka. Pale pale ndipo ilipokuwa kompresa ya kupeleka hewa shimoni siku shimo lilipomfunika Gracien. Ilinguruma hata kilio chake hakikusikika. Tangu hapo, moteri yoyote ikisimama mbele ya mlango ule, miguu ya mama inaisha nguvu. Zéphirin alimkuta amekaa sakafuni. Alizima gari, akampa maji, naye mama akamwapisha asimwambie Honorine.

Honorine alikuwa amemwona mama yake mara nyingi akikimbilia nyuma ya nyumba malori yakikaribia. Alidhani anakimbia vumbi.

“Juu ya nini hukuniambia, mama?”

“Ungejua, haungeolewa. Ungebakia hapa kunichunga.”

Honorine alilia. Kisha alinawa uso, akavaa kitenge chake cha kijani, akapanda pikipiki hadi njia ya Mashamba. Alimkuta Zéphirin getini, katikati ya madereva. Akamwambia kwamba mama amesema, na kwamba yeye Honorine ndiye aliyekosa.

“Unataka kunioa?” akauliza, madereva wakisikia.

“Tangu kule sokoni.”

“Basi leta bandugu yako siku ya mungu, muchana, avenue yote ione. Na mama simuache pale. Kwenye nitaenda, ataenda.”

“Akikubali, chumba yake iko.”

Jumapili, baada ya misa, ndugu za Zéphirin walifika kutoka Tenke kwa basi la kukodi. Basi lilizimwa kwenye lami, wakaingia Kasulo kwa miguu: mjomba Tshiamala mbele na kofia yake, mashangazi wamevaa vitenge vya sare, kreti za vinywaji vichwani, mbuzi anavutwa nyuma. Watu walitoka kila mlango. Simone alisimama na mkasi mkononi, mdomo wazi.

Mama Abigaël aliwangoja mlangoni pake, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha akauliza wamekuja kutafuta nini. Kwa desturi mjomba ndiye wa kujibu, na tayari alikuwa amevua kofia. Zéphirin hakumngoja.

“Nimekuja kuomba Honorine, mama,” akasema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa mtaa.