Mguu Ulioshikilia Breki

Pedali ya breki ilishuka yenyewe Jumapili saa sita mchana, jua likiwa utosini, na Mama Kidoti aliiona kwa macho yake mawili.

Alikuwa anaanika shuka. Pikapu ya zamani ilikuwa mbele yake pale uani, imepandishwa juu ya magogo, haina magurudumu, mlango wa dereva wazi. Mumewe alikuwa bombani akinawa grisi kwa sabuni ya unga. Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Pedali ikashuka polepole, ikagusa sakafu, ikakaa. Kisha ikapanda.

"Baba Kidoti," aliita kwa sauti ndogo. "Pedali imeshuka."

"Springi hiyo. Gari lenyewe limetuzidi umri mimi na wewe tukijumlishwa. Hata wewe ukizeeka utashukashuka."

Alicheka, na mkewe akacheka kidogo ili asimvunje moyo. Lakini yeye ndiye aliyemshikia tochi siku ile springi ilipofungwa. Alijua kazi ya springi ni kuvuta pedali juu, si kuisukuma chini.

Pikapu ile ilikuwa ya marehemu Baba Mkubwa, aliyekuwa akipeleka magunia ya unga madukani. Ilikuwa na breki za vyuma, zile za fito na nyaya. Miaka kumi na minane iliyopita zilikatika kwenye mteremko, gari likiwa limejaa, na Baba Mkubwa akafa palepale. Mama Mkubwa alikuwa kiti cha pembeni, akapona. Tangu siku hiyo gari lilikaa chini ya mabati, kuku wakitagia kwenye viti.

Mama Mkubwa hakuwa na mtoto. Alikuwa na chumba chake pale pale nyumbani, na kila chakula kilipopakuliwa alimwekea Kidoti ukoko kwenye kisahani, akijifanya yeye mwenyewe meno hayawezi. Alipoona Baba Kidoti, seremala, mtoto wa mdogo wa mumewe, anahangaika kukodi mikokoteni ya kubebea makabati, alimkabidhi ufunguo. Alisema neno moja tu: "Hizo breki za vyuma zing'oe zote. Weka za mafuta."

Baba Kidoti akafanya hivyo, Jumapili baada ya Jumapili. Alifunga silinda kubwa chini ya pedali na silinda ndogo mahali pa kila gurudumu, akakunja mabomba membamba ya shaba kwa goti lake mwenyewe. Ikabaki kutoa upepo, maana mafuta yakichanganyika na hewa breki inakuwa laini kama godoro. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja juu kwenye pedali, mwingine chini kwenye gurudumu, hawaonani.

"Sikiliza, mke wangu," alisema Jumapili ile ile, baada ya kunawa. "Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema shikilia, unajibu nimeshika, halafu hutoi mguu hata nyoka akipita. Mimi nafungua nati, hewa inatoka, nafunga. Ndipo nakwambia achia. Aliyesema shikilia ndiye anayesema achia. Ukiachia mwenyewe, hewa inarudi, tunaanza moja."

Mama Mkubwa, aliyekuwa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akichagua mchele, aliinua uso. "Mimi nilifundishwa nisiitikie sauti ya mtu nisiyemwona."

"Mama Mkubwa, ukikataa kuitikia breki hazitoki upepo," alisema Baba Kidoti, na wote wakacheka.

Mama Kidoti akapanda. Kidoti, miaka minne, akapanda naye, akaketi pembeni na mwanasesere wake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshika!"

"Achia!"

Kidoti alipenda mchezo ule. Kufika mara ya tano alikuwa anajibu pamoja na mama yake, akinyoosha kiguu chake hewani. Chini, povu lilitoka kwenye kibomba likaingia chupani, na baba akapiga mluzi.

Kisha kukawa kimya. Ikaingia harufu ya chuma kilichoungua, kali, kama gari limetoka kushuka mlima mrefu, na gari lenyewe liko juu ya magogo. Mama Kidoti akakunja pua.

"Shikilia," sauti ikasema.

Haikutoka nyuma, mahali pa gurudumu. Ilitoka chini ya usukani, karibu na vidole vyake, sauti ya mtu aliyekaukiwa koo. Alifungua mdomo ajibu, na hapo akamwona mumewe kupitia kioo, yuko kwenye uzio, anaazima spana kwa jirani.

Akafumba mdomo. Lakini mtoto hakuwa na habari.

"Nimeshika!" Kidoti akaitikia kwa furaha, akanyoosha mguu wa kulia.

Hakuukunja tena.

Mwanzoni walidhani ni utundu. Jioni wakadhani amejigonga. Asubuhi mama yake alimkuta amelala chali, unyayo wa kulia umekanyaga ukuta, nyama ya mguu imekaza kama mti wa mwiko, vidole baridi na vyeupe. Alijaribu kuukunja, mtoto akalia, "Mama usiniachishe, bado hajasema."

"Nani hajasema, mwanangu?"

"Yule wa chini."

Kwenye zahanati, muuguzi aliupapasa mguu ule kwa upole, akampuliza Kidoti usoni ili acheke, akasema ni mshipa. Alitoa dawa ya kuchua, na alipoona mama hajala akamsogezea nusu ya andazi lake bila kusema kitu. Dawa haikusaidia. Siku ya tatu weusi ulianza kwenye ukucha wa kidole gumba, ukapanda, na muuguzi akasema taratibu kwamba kama kesho damu haijashuka, watampeleka hospitali kubwa, na huko wanaweza kuukata.

Waliporudi nyumbani, Baba Kidoti alitoka uani, akasimama karibu na pikapu na nyundo mkononi. Alirudi haraka.

"Pedali iko chini," alinong'ona. "Nimeivuta kwa mikono miwili. Haipandi."

Alasiri ile mvua ilinyesha, mvua nzito ya kulifanya bati lisiache mtu asikie mwenzake, na chini ya kelele zile Mama Kidoti, aliyekuwa ameketi kitandani amempakata mwanawe, alisikia kitu kingine kikinguruma uani, mngurumo wa gari linaloshuka kwa kasi, gari lisilo na magurudumu, linaloshuka na kushuka bila kufika chini, na harufu ya chuma kilichoungua ikapenya chini ya mlango ikajaza chumba, na mtoto, macho yakiwa yamefumba, akakaza mguu mpaka kitanda kikalia, akasema kwa sauti kavu isiyo yake, "Bado linakwenda."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Mama Mkubwa, amelowa. Aliweka kiganja kwenye mguu wa mtoto, akakiondoa kama aliyegusa jiko.

"Mguu huu naujua," alisema. "Walipomtoa mume wangu garini, wake ulikuwa hivi. Hata kwenye jeneza haukukunjika."

"Mama Mkubwa, tufanye nini? Mtoto wangu…"

"Mimi ndiye niliyemwambia." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Breki zilipokatika alitaka turuke. Angeruka, angepona. Mimi nikaogopa kuruka. Nikamwambia, shikilia, baba, shikilia, usiachie. Akaniitikia, nimeshika. Miaka kumi na minane, mwanangu, na sijamwambia achia. Mwanamume alikuwa msikivu mno. Sasa amechoka, anatafuta wa kumpokea."

Akainuka. "Mbebe mtoto. Njoo."

Walivuka ua kwenye mvua, Baba Kidoti akiwafunika kwa turubai. Mama Mkubwa akapanda kiti cha pembeni, kile kile alichokalia siku ile. Mama Kidoti akasimama mlangoni, mtoto kifuani. Kule chini ya usukani palikuwa na giza zito kuliko kivuli, na pedali ilikuwa imelala sakafuni.

"Baba," Mama Mkubwa alisema, kwa sauti ile mke anamwamsha mumewe asije akachelewa kazini. "Ni mimi. Gari limesimama. Achia."

Pedali haikutikisika.

"Achia, baba. Nimepona. Nimezeeka, unaniona. Achia."

Kukawa na pumzi ndefu. Halafu sauti mbili zikasema pamoja, moja kutoka chini ya usukani, moja kutoka mdomoni mwa Kidoti, na mama yake akausikia upepo wa maneno yale shingoni mwake, baridi: "Bado linakwenda."

Mama Mkubwa aliangalia kidole cha mtoto kilichokuwa kinakuwa cheusi. Akajifuta uso kwa upande wa kanga, akasogea taratibu mpaka kiti cha dereva, akavua ndara ya kulia, akaiweka vizuri pembeni kama mtu anayeingia chumba cha mwenzake.

"Basi mwachie mtoto," alisema. Akaweka mguu juu ya pedali. "Nenda kalale, baba. Mimi nimeshika."

Mngurumo ukakatika. Mvua ikasikika kuwa mvua tu. Goti la Kidoti likajikunja, mguu ukaanguka laini kwenye kiuno cha mama yake, na mtoto akafumbua macho akauliza kama kuna ukoko.

Damu ilirudi. Muuguzi alishangaa, akasema alijua tu ni mshipa. Jumapili iliyofuata Baba Kidoti alimaliza kutoa upepo, mafuta yakatoka safi bila povu hata moja, akafunga magurudumu, akaondoka na kabati la mteja nyuma.

Mama Kidoti alibaki jikoni. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kigoda chake, anachagua mchele, anaimba chinichini. Sufuria iliteleza ikaelekea kumwangukia miguuni. Akaondoa mguu wa kushoto. Wa kulia haukusogea.

Mama Kidoti akapiga magoti, akainua upindo wa kanga. Unyayo ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu, vidole vyeupe, nyama imekaza kama mti wa mwiko.

"Mama Mkubwa!"

"Shh. Mumeo asijue, ataliuza gari, na makabati atabebea nini?" Alitabasamu. "Mguu wenyewe mzee, haukuwa na safari. Nipe maji tu, mama."

Aliyapokea. Katikati ya funda la pili mguu ule ukakandamiza sakafu ghafla, mpaka maji yakamwagika kifuani, na jasho likamtoka usoni. Alishikilia hivyo muda mrefu, macho yamefumba. Kisha akapumua.

Jioni pikapu ikaingia uani, na Baba Kidoti akaruka chini akicheka.

"Mke wangu, breki za mafuta ni za mafuta! Nimefika kwenye ule mteremko, mtu akanikatiza na baiskeli. Wallahi sikuwahi hata kugusa pedali. Nimewaza tu, gari limeshika!"

Mama Kidoti alichukua ukoko aliokuwa amemwekea Kidoti, akaugawa, akampelekea Mama Mkubwa nusu, na akakaa sakafuni kando yake kumchua mguu.