Maumivu Aliyoyaficha Ndila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Ndila aliteka maji kisimani, akamwagilia sukuma wiki, kisha akafagia uwanja. Siku hizi alifanya kazi hizo polepole. Mgongo ulimuuma akiinama, ukamuuma hata akiwa amelala. Usiku alitokwa na jasho mpaka shuka likalowa, na sare yake ya shule ilikuwa imeanza kumpwaya.

Hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia pale sokoni Kalamba kwamba mtu akipasuliwa mgongo hatembei tena, na maneno hayo yalimkaa moyoni. Mama yake, Syombua, alipomuuliza mbona anatembea kama amefungwa ubao, alijibu, "Ni mtungi tu, Mama. Ulikuwa mzito."

Mama akamkanda kwa maji ya moto. Haikusaidia.

Jumamosi moja, akitoka kisimani na rafiki yake Kasiva, miguu yake ililegea ghafla. Akaanguka na mtungi wake. Alijaribu kusimama, lakini miguu ilikuwa kama si yake. Alibaki pale mchangani, huku Kasiva akikimbia kumwita Syombua.

Jirani aliwapeleka kwa gari hadi kituo cha afya. Kufikia hapo Ndila aliweza kusimama, ingawa kwa shida. Daktari Kiilu alimuuliza, "Mgongo ulianza kuuma lini?"

Ndila alimtazama mama yake. "Jana."

Daktari aliweka kalamu sakafuni. "Hebu niokotee."

Ndila hakuinama. Alichuchumaa taratibu, mgongo umenyooka, mkono mmoja ukishika paja.

"Mgongo wa jana hauokoti hivyo," daktari alisema kwa upole. Akampapasa uti wa mgongo. Alipogusa palipokuwa na uvimbe mdogo, Ndila alishtuka kwa maumivu. "Siwezi kutibu nisichoambiwa, Ndila."

Hapo alilia, akasema yote: jasho la usiku, kukosa hamu ya kula, zile wiki nyingi za kunyamaza na kusingizia mtungi. "Nitapasuliwa? Sitatembea tena?"

"Bado sijui. Lazima upigwe picha ya mgongo hospitali kubwa, leo hii. Sitakudanganya, nawe usinidanganye."

Katika hospitali kubwa ya mji wa Wote alipigwa picha, akapimwa damu pia. Usiku, wodini, alijaribu kuchezesha vidole vya miguu kila alipoamka, akiogopa kwamba safari hii havitasogea. Hatimaye majibu yalitoka. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu.

"Mbona hakohoi?" mama aliuliza.

"Kinaweza kushika mifupa pia," daktari wa wodi alieleza. "Atameza dawa kila siku, mwaka mzima, na kuvaa mkanda wa kushikilia mgongo. Hatutampasua. Nanyi nyote nyumbani mpimwe."

Miezi ilipita. Miguu ilipata nguvu, na jasho la usiku likakoma. Ndila alipomaliza dawa, alitembea mwenyewe hadi kituo cha afya kuonana na Daktari Kiilu, mama akimfuata nyuma kwa mwendo wa haraka.

Daktari alimpima, akaridhika. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Ungechelewa zaidi, pengine miguu isingerudi," alisema. "Kuogopa si kosa, Ndila. Hata mimi huogopa. Lakini mtoto akiumwa mgongo siku nyingi, asiseme ni mtungi. Amwambie mkubwa, na mkubwa amlete mapema."

"Hata mimi nilipaswa kumleta," mama alisema kwa sauti ya chini, akamshika Ndila mkono.