Nguo za Barasa Zilizoozea Darini

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita. Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Birmingham, na ninaishi Bordesley Green na binti yangu, Nafula. Nimechoka, wasomaji wenzangu. Nimechoka hata kulia, ndiyo maana naandika.

Mume wangu, Barasa, alifariki ghafla akiwa kazini. Tulimsafirisha tukamzika kwao Bungoma, nami nikarudi mbio kwa sababu ruhusa ilikuwa imekwisha.

Kwetu nguo za marehemu hazitupwi wala hazipewi mtu ovyo. Hugawiwa ndugu zake siku ya kumbukumbu, mbele ya ukoo mzima, na mpaka siku hiyo ifike mjane ndiye mlinzi wake. Nilizikunja zote... suti ya harusi, makoti, sweta alizozipenda... nikazitia kwenye mabegi mawili makubwa ya safari na kuyapandisha darini, chini ya paa.

Tatizo likawa baridi. Nyumba yetu ni ya zamani, na joto lote tulilolipia lilipotelea juu. Nafula alikuwa akilala na koti, kifua kikimbana. Mama gani angevumilia hayo?

Nikaita kampuni. Walimtuma Mwingereza mmoja mpole, akapanda darini na tochi yake. Aliposhuka alisema sufi ya kuzuia baridi iliyokuwa kule imesinyaa, itandikwe mpya, nene. Lakini kwanza mizigo yote iondolewe. Bomba la feni ya bafu nalo litolewe nje ya paa, kwa sababu lilikuwa linatema mvuke humohumo darini. Na pembezoni, pale paa linapokutana na ukuta, paachwe nafasi hewa ipite.

Hewa! Mimi nimemwita anifukuzie baridi, yeye anataka kuifungulia mlango! Isitoshe, sikutaka mikono ya wageni iguse nguo za Barasa. Nikamwambia nitafikiria, na sikumpigia tena.

Simiyu alipopata habari aliumia. Simiyu na mume wangu walikuwa chanda na pete. Ndiye aliyemsimamia kwenye harusi yetu, na ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Hapa Birmingham anafanya kazi za ujenzi. Aliniuliza nawezaje kuita watu baki na yeye yuko hai.

"Shemeji, hao wanatafuta business tu," aliniambia. "Mimi nitaziba kila tundu. Baridi utaisikia kwa majirani."

Nilimwamini. Ningeanzaje kumhoji ndugu kama huyo?

Alikuja Jumamosi, tukaomba kwanza, akapanda. Alitandika sufi nene, akaisokomeza mpaka pembezoni, akaziba kila upenyo. Bomba la feni hakuligusa. Kisha akayarudisha mabegi juu ya sufi na kuyafunika kwa nailoni yasiingie vumbi. Mimi mwenyewe nilimshikia ngazi. Nilimpikia ugali na kuku, nikamshukuru machozi yakinilenga.

Na nyumba ikapata joto, siwezi kusema uongo! Nafula alilala bila koti. Nilimsifu Simiyu kanisa zima.

Msimu wa pili wa baridi, nyumba ilianza kunuka. Nilisugua bafu, nikasugua jiko, harufu ikabaki palepale. Halafu siku moja Nafula akaniita chumbani kwake.

"Mum, my ceiling's gone brown."

Dari yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Nilipanda ngazi. Mbao za paa zilikuwa zinachuruzika maji... mvuke wetu wote wa kuoga ulikuwa umefungiwa mle, hauna pa kutokea. Nilifunua nailoni, nikafungua begi la kwanza. Ukungu! Mweusi, wa kijani, kila mahali. Bitana ya suti ya harusi ilichanika mkononi mwangu. Nilikaa juu ya ile sufi iliyolowa nikamwita mume wangu kwa jina.

Nilifua, nikaanika, nikafua tena. Dobi wa Kizungu alizitazama akanirudishia. Kilichosalia ni sweta moja tu, iliyokuwa katikati ya begi.

Wakati huo wazee wa ukoo walikuwa wameshapanga siku ya kumbukumbu. Nilimwomba Simiyu jambo moja, awaambie shemeji zangu ukweli, kwa maana neno lake wangelikubali. Aliniahidi.

Siku ilipofika nilisafiri hadi Bungoma na ile sweta, nikasimama mbele ya ukoo nikaeleza yote. Walitazamana. Nyumba ya Ulaya iozeshe nguo? Wafula, kaka mkubwa wa Barasa, akampigia Simiyu simu, akaweka sauti watu wote wasikie.

"Mimi niliweka sufi tu," Simiyu alisema. "Mambo ya mabegi siyajui. Muulizeni mwenyewe."

Wafula alikata simu, akanigeukia. "Basi tuambie umempa mwanamume gani."

Nilitaka ardhi inimeze. Ndipo mama mkwe wangu, aliyenipenda miaka yote kama bintiye, akaomba ile sweta. Alijifunika nayo usoni, akavuta pumzi kwa muda mrefu akimtafuta mwanawe. Kisha akanirudishia.

"Huyu si Barasa," alisema, akaingia ndani. Hajazungumza nami tena mpaka leo.

Simiyu bado hunisalimia kanisani. Mimi humwitikia tu. Sina nguvu za ugomvi.

Wasomaji, msifanye kama mimi. Dari ya huku lazima ipumue, na fundi anayewaambia msilotaka kusikia msikilizeni, hata kama hamjui kabila lake. Lakini zaidi ya hilo nawasihi, msiwafungie marehemu wenu kwenye mabegi mkingoja siku nzuri. Wapelekeeni ndugu zao nguo hizo mapema, zingali na harufu ya mtu wao.